Maswali na Majibu ya Maabara: Minyoo Wachanga Chini ya Hadubini

Choo nilikitoa jana mchana, nikakipeleka leo asubuhi. Maabara moja wamesema wameona lava (minyoo wachanga) wa safura, nyingine wanasema ni wa strongiloide, mnyoo mwingine wa tumboni. Niamini nani? (Msomaji, Arua)

Ndugu yangu, huenda utata umeanzia kwenye kikopo. Choo kibichi cha mwenye safura huwa na mayai, si lava. Kikikaa siku nzima kwenye joto, mayai huanguliwa, na lava hao hufanana mno na wale wa strongiloide, ambao hutoka mwilini tayari wameanguliwa.

Mtaalamu makini hutia tone la ayodini ili lava atulie, kisha hutazama kwa lenzi ya kukuza mara 40. Mfereji wa mdomo wa lava wa safura ni mrefu; wa strongiloide ni mfupi sana. Halafu hushuka katikati ya mwili: chembe za uzazi za strongiloide huonekana wazi, za safura ni za kutafuta. Lava akishakomaa, mkia huamua: wa strongiloide una pengo dogo kwenye ncha, wa safura umechongoka.

Wasikutajie tu "lava", kwa sababu dozi moja ya albendazoli hufaa kwa safura, lakini strongiloide anahitaji ivamektini. Peleka choo kipya siku hiyohiyo, wala usikiweke kwenye friji.

Nimepimwa mara mbili, "hakuna minyoo". Daktari anataka kunianzishia prednisoloni. Nina haja ya kuhangaika? (Msomaji, Masindi)

Ndiyo, zungumza naye kabla ya kidonge cha kwanza. Strongiloide huzaliana ndani ya mwili kwa miaka mingi bila kelele. Steroidi, kama hiyo prednisoloni, zikishusha kinga, lava huongezeka na kusambaa hadi mapafuni na hata kwenye ubongo, na mgonjwa anaweza kufa. Nalisema hili kwa uzito wote.

Lava hutoka wachache, siku nyingine hawatoki kabisa, kwa hiyo slaidi moja huwakosa. Kipimo cha Kato-Katz ni kizuri kwa mayai ya safura na ya kichocho cha tumbo. Kwa lava hawa hakitegemewi. Uliza kipimo cha Baermann: choo huwekwa kwenye chachi juu ya maji ya vuguvugu, lava wakashuka, wakakusanywa.

Kwa nini Baba alitolewa damu saa nne usiku? (Msomaji, Lira)

Lava wa matende hujaa kwenye damu ya pembeni kati ya saa nne na saa nane usiku, wakati mbu anauma. Mchana wanaweza kukosekana. Hata hivyo, mguu uliovimba kwa miaka mara nyingi hauna lava tena, hata usiku.

Damu yangu ina "Mansonella". Nitapata matende? (Msomaji, Mukono)

Hapana, dada. Huyo ni mnyoo mwingine, anayeletwa na visubi wadogo. Lava wake hana ala (ganda jembamba la kumfunika), na viini vya chembe zake hufika hadi ncha ya mkia. Wa matende ana ala, na ncha ya mkia wake haina viini.

Kwa upofu wa mtoni, mbona wanakata ngozi badala ya kutoa damu? (Msomaji, Kitgum)

Lava hao huishi ndani ya ngozi. Kipande kidogo huwekwa kwenye maji ya chumvi, nao hutoka wenyewe wakiogelea. Kipande kisiwe na damu: ikichanganyika, lava wa Mansonella wanaweza kuonekana hapo na kumpoteza msomaji wa slaidi. Damu ikitoka, iandikwe kwenye karatasi ya majibu.