Kampuni Hutoa Hisa au Huuza Hisa?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa biashara hapa Mombasa. Magazeti huandika kwamba kampuni "imetoa hisa", ilhali wanaozichukua huzilipia. Mbona isiandikwe "imeuza hisa"? (Msomaji, Likoni)

Jibu: Semi zote mbili ni sahihi, ila haziwezi kushika nafasi moja, na anayezichanganya humpotosha msomaji kuhusu jambo kubwa kuliko yote hapo, yaani pesa zimeingia mfukoni mwa nani.

Kitenzi "toa" hakihusu kupeana bure tu. Benki Kuu hutoa noti na mchapishaji hutoa kitabu, wala hakuna anayetarajia kugaiwa, kwa sababu maana hapo ni kuleta kitu ambacho hakikuwapo. Vivyo hivyo, kampuni ikitoa hisa huwa imeunda mafungu mapya ya umiliki (neno "hisa", tulilolipokea kutoka Kiarabu, maana yake ni fungu), na malipo yake huwa mtaji wa kampuni yenyewe. Anayeuza hisa huachia fungu lililokuwapo tayari, na pesa ni zake.

Chukua mfano wa duka la viungo pale Marikiti, lenye washirika wawili. Wakimkaribisha wa tatu, naye akaleta pesa zikanunuliwa magunia mengine ya iliki na bizari, duka limetoa hisa. Lakini mmoja wao akimwachia mtu fungu lake, akatia pesa mfukoni na kwenda zake, huyo ameuza hisa, na magunia dukani ni yale yale.

Ndiyo maana nashikilia kuwa ni kosa kuandika kwamba mwaka 2008 Safaricom "ilitoa" hisa bilioni 10. Hisa hizo, ambazo zilikuwa asilimia 25 ya kampuni, zilikuwa mali ya Serikali ya Kenya, nayo ndiyo iliyoziuza kwa umma, shilingi 5 kila moja. Kenya Airways nayo, mwaka 2012, ilitoa hisa mpya kwa shilingi 14, ikawapa wanahisa wake nafasi ya kwanza ya kuzinunua, na mapato yakawa mtaji wake.

Tena zipo hisa za ziada, ambazo kampuni huwagawia wanahisa wake bila malipo yoyote. Hizo zimetolewa, na hapo "imeuza" haliandikiki kabisa.