Jibu: Nyota wa kike wa mwanzo katika filamu za Japani

Umeuliza ni mwanamke gani aliyevuma kwanza kwenye filamu za Japani, na kama kweli zamani wanaume ndio waliocheza nafasi za kike. Ndiyo, ni kweli. Desturi ya kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani inayochezwa na wanaume, ilihamia kwenye filamu, na mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920 wanaume walikuwa bado wanajipodoa na kuvaa kimono mbele ya kamera.

Kwangu mimi jina ni Sumiko Kurishima, aliyezaliwa 1902 na kufundishwa ngoma za jadi tangu utotoni. Mwaka 1921 kampuni ya Shochiku, iliyokuwa na studio Kamata, Tokyo, ilimpa nafasi kubwa, akapendwa mno. Aliolewa na Yoshinobu Ikeda, mwongozaji wa filamu zake nyingi.

Miaka ya 1930 aliacha filamu, akageukia kufundisha ngoma. Lakini itafute filamu Nagareru ya mwongozaji Mikio Naruse (1956), ambamo alirejea. Anacheza mama mwenye mgahawa, mpole wa maneno, kumbe ameshainunua nyumba ya rafiki yake na ana mipango yake. Mtazame anavyoketi na kutabasamu. Hakuna ziada hata moja. Alifariki 1987.