Mtungi wa asetilini uliolazwa kwenye guta

Ndugu fundi wa Tabata, umeuliza mambo mawili: kama unaweza kuchomelea papo hapo kwa mtungi wa asetilini uliotoka eneo la Gerezani ukiwa umelazwa kwenye guta, na kama mpira wa gesi uliopasuka unaungwa kwa kipande cha bomba la shaba.

Usiwashe kwanza. Asetilini, gesi ya kuchomelea, imeyeyushwa kwenye asetoni, kimiminika kilichomo ndani ya mtungi. Ukilazwa, asetoni hutoka pamoja na gesi, ikaharibu regyuleta (kifaa cha kupunguza presha) na mpira. Simamisha mtungi, ufunge kwa mnyororo, uuache angalau saa 1. Kama ulilala zaidi ya saa 1, upe muda uleule uliolala. Ukifungua, presha inayotoka kwenye regyuleta kwenda kwenye mpira isipite psi 15, maana juu ya hapo asetilini inaweza kulipuka yenyewe hata bila oksijeni.

Shaba nyekundu, hapana kabisa! Ikikutana na asetilini hutengeneza kemikali inayolipuka kwa kugongwa tu. Nunua mpira mpya wa asetilini, kisha paka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likifura, inavuja. Ukisikia harufu kama kitunguu saumu, au kichwa kikaanza kuzunguka, funga valvu kama unaifikia, toka nje, wala usiguse swichi ya taa: asilimia 2.5 tu ya gesi hiyo hewani inatosha kuwaka.