Majengo ya Vyuo Vikuu Kanda ya Kati: Panga Ujenzi na Matengenezo kwa Kufuata Msimu wa Mvua

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza kwa kawaida mwishoni mwa Novemba au Desemba na kumalizika Aprili, na wastani wa mvua kwa mwaka ni kati ya milimita 500 na 600 hivi. Takwimu hiyo huwapotosha wengi. Msanifu majengo aliyezoea Dar es Salaam akiisoma huona huku ni pakavu, akapunguza upana wa mifereji ya paa. Mkandarasi naye huona hakuna haja ya kuhangaika na maungio ya paa. Kumbe mvua ya huku, japo ni chache, hushuka kwa kishindo, tena juu ya paa lililokaa zaidi ya nusu mwaka likipigwa na upepo wa kiangazi na kukusanya vumbi na majani. Nimefanya kazi katika idara ya miliki, yaani inayosimamia majengo na mali, ya chuo kikuu chenye kampasi zilizotawanyika katika kanda hii, na ushauri wangu kwa wenzangu wanaoanza kazi hii ni kwamba ujenzi mpya, bajeti na matengenezo visipangwe kila kimoja kwa ratiba yake, bali vyote vipimwe kwa msimu wa mvua.

Bahati nzuri ni kwamba ratiba zetu zinaruhusu jambo hilo. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, wanafunzi wengi huwa likizo ndefu kati ya Julai na Oktoba, na miezi hiyo ni ya kiangazi kikavu. Ndiyo nafasi pekee katika mwaka ambapo mabweni yako wazi, mapaa ni makavu na bajeti ni mpya. Tatizo ni kwamba wengi huisubiri Julai ndipo waanze kukagua, kuandaa mchanganuo wa gharama na kuingiza zabuni kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa Serikali, ambao sasa ndio njia ya ununuzi wa umma chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023. Mchakato unapofika mwisho, wanafunzi wamesharudi, na fundi anapanda juu ya paa wakati mawingu yanajikusanya. Ukaguzi wa mapaa unapaswa kufanyika Machi, wakati mvua bado inanyesha na sehemu zinazovuja zinajionyesha zenyewe. Michoro, vipimo na makadirio yakamilike Mei na Juni. Julai iwe ni ya kutangaza kazi ambayo tayari imeshaiva kwenye makaratasi.

Jambo ambalo ningependa kila meneja miliki alishikilie kuliko yote ni kipindi cha matazamio katika mikataba ya majengo mapya, yaani muda baada ya makabidhiano ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro kwa gharama zake. Fikiria jengo la madarasa linalokabidhiwa mwanzoni mwa Mei kwa mkataba wenye matazamio ya miezi sita. Kipindi hicho kinakwisha mwanzoni mwa Novemba. Kwa miezi yote sita hakujanyesha tone la kulijaribu paa, mkandarasi analipwa fedha zake za zuio, yaani sehemu ya malipo iliyoshikiliwa kama dhamana ya kasoro, na mvua ya kwanza ya Desemba inapopenya kwenye dari la jipsamu, gharama zote ni za chuo. Niliwahi kushuhudia hali ya namna hiyo katika jengo ambalo siku ya makabidhiano kila aliyeingia alilisifu, na ambalo kabla ya Krismasi lilikuwa na ndoo tatu kwenye korido ya juu. Hakuna aliyevunja mkataba. Mkataba wenyewe ndio ulioandikwa bila kutazama hali ya hewa ya mahali jengo liliposimama. Kwa hiyo, kwa kanda hii, dai miezi 12 hata kwa kazi ndogo, na uandike ndani ya mkataba kwamba kutakuwa na ukaguzi wa pamoja kati ya chuo, mshauri elekezi (mtaalamu anayesimamia ujenzi kwa niaba ya chuo) na mkandarasi mara tu baada ya mvua kubwa za mwanzo, kisha mwingine msimu ukiwa umekolea. Orodha ya kasoro itokane na ukaguzi huo, isisubiri wiki ya mwisho ya matazamio.

Kuhusu mifereji sina mengi, ila haya machache yana uzito. Mtindo wa siku hizi wa kuficha paa nyuma ya ukuta unavutia macho, lakini maji yote hutegemea mfereji mmoja na mabomba machache ya kuyashusha. Novemba moja tulipanda juu ya bweni la aina hiyo, na fundi akaingiza mkono kwenye mdomo wa bomba akatoa kiota cha njiwa, mfuko wa plastiki uliopasuka, na tope lililokauka likawa gumu mithili ya tofali. Bomba hilo lilikuwa ndilo tegemeo la nusu nzima ya paa. Usafi wa mifereji mwezi Novemba, katika kila kampasi, hugharimu vibarua wachache kwa siku chache, na hakuna kazi nyingine ya matengenezo ninayoifahamu inayookoa fedha nyingi kiasi hicho kwa gharama ndogo namna hiyo. Kama una sauti kwenye hatua ya usanifu, omba paa lenye mwinuko wa kutosha na mfereji wa nje unaofikika kwa ngazi ya kawaida.

Maji ya Dodoma nayo yana masharti yake. Sehemu kubwa hutoka visimani, vikiwemo vya Makutupora, na ni maji magumu yenye chumvichumvi. Fungua koki iliyotumika miaka miwili katika bweni lolote na utaona ganda jeupe limekaba tundu, na hita za kuogea hufa mapema kwa sababu hiyohiyo. Hapa ndipo usimamizi wa kampasi nyingi unapotofautiana na usimamizi wa jengo moja. Kila mkandarasi akiachiwa achague koki, vitasa, swichi na pampu anazozipenda, baada ya miradi minne stoo inahitaji vipuri vya aina nne kwa kazi moja, na fundi aliyeitwa kutoka kampasi nyingine anafika akiwa na kipuri kisichoingia. Chuo kiwe na mwongozo wake wa vifaa unaoambatanishwa kwenye kila zabuni, ukieleza sifa za kiufundi badala ya jina la kampuni, ili ushindani ubaki na ufanano upatikane.

Mwongozo huo usiandikwe ofisini peke yake. Katika kikao kimoja cha kupitia michoro ya bweni, fundi bomba wetu mzee alitazama ramani kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Injinia, koki ya ghorofa ya pili ikivuja, maji nayafungia wapi bila kuwakatia wanafunzi wa jengo zima?" Msanifu alikaa kimya, kisha akachora koki ya kufungia maji katika kila ghorofa na mlango mdogo wa kuifikia. Gharama yake kwenye mradi haikuonekana. Kuiongeza baada ya kuta kupigwa plasta na vigae ingekuwa kazi ya kubomoa.

Sasa fedha. Mwaka 1990 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipendekeza kwamba bajeti ya kila mwaka ya matengenezo na ukarabati wa majengo ya umma iwe asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kuyajenga upya kwa bei ya sasa. Kwa jengo la shilingi bilioni 5, hiyo ni milioni 100 hadi 200 kila mwaka. Najua hakuna kamati ya bajeti itakayokupa kiasi hicho kwa majengo yote, lakini takwimu hiyo ina kazi yake: iweke mezani siku jengo jipya linapoombewa kibali, ili menejimenti ione kwamba inaidhinisha pia mzigo wa kila mwaka. Hili ni muhimu zaidi wakati huu ambapo vyuo vya umma vimepata majengo mapya kupitia HEET, mradi wa Serikali wa kuendeleza elimu ya juu, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Fedha za mradi hujenga. Matumizi ya kawaida na mapato ya ndani ndiyo yatakayotunza.

Kuna jambo jingine linalohusu Dodoma hasa. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na sehemu kubwa ya majengo ya vyuo mjini hapa ilijengwa miaka iliyofuata, mengi kwa wakati mmoja. Majengo yaliyozaliwa pamoja huzeeka pamoja: pampu, nyaya na utando wa kuzuia maji juu ya zege huchoka katika miaka ileile. Usisubiri vichoke vyote. Tengeneza rejista ya kila jengo katika kila kampasi, andika mwaka wa kila kifaa na hali yake, kisha uanze kubadilisha kwa zamu miaka kadhaa kabla, jengo baada ya jengo. Andika pia nyufa, kwa tarehe na upana, kwa kuwa udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na matetemeko madogo hutokea katika ukanda huu wa Bonde la Ufa. Ufa unaopanuka na kujifunga kwa misimu mara nyingi unatoka kwenye udongo, na dawa yake ya kwanza ni kuyaepusha maji na msingi. Ule unaopanuka tu bila kurudi unahitaji mhandisi wa miundo mara moja.

Mwisho, usisaini hati ya makabidhiano kabla ya kupokea michoro ya jengo kama lilivyojengwa, hasa njia za maji, umeme na chemba za majitaka. Nakala moja ikae makao makuu na nyingine ofisini kwa fundi mkuu wa kampasi husika, kwenye kabati ambalo ufunguo wake anao yeye.