Giza Linalosema

SWALI: Mhariri, mjomba wangu hapa Ujiji hachoki kutazama filamu za uhalifu za Marekani za miaka ya 1940, zile zisizo na rangi. Mimi naona giza tu. Anavutiwa na nini?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, giza hilo ndilo analolitazama mjomba wako. Baadhi ya waongozaji wakuu wa filamu hizo, kama Fritz Lang, Robert Siodmak na Billy Wilder, walikuwa wamefanya kazi Berlin kabla ya kuukimbia utawala wa Hitler, na walifika Hollywood wakiwa na ujuzi wa kuufanya mwanga ueleze yaliyomo moyoni mwa mtu. Tafuta Double Indemnity ya mwaka 1944, ambamo wakala wa bima anakula njama na mke wa mteja wake ili wamuue mume huyo. Mpiga picha John F. Seitz alitawanya chembechembe za alumini hewani ili vumbi lionekane ndani ya mwanga unaopenya dirishani, na vivuli vya vibao vya pazia vinamwangukia wakala kama nondo za gereza kabla hajatenda kosa. Rangi zingetunyima jambo hilo. Tena, mwanzoni kabisa anakiri kuua; kwa hiyo hatumtafuti mkosaji, bali tunamfuata mtu mwenye akili timamu akijiangamiza hatua kwa hatua, jambo ambalo kwangu linatisha kuliko fumbo lolote la upelelezi. Mwombe mjomba muanze na hiyo, usiku, taa za sebuleni zikiwa zimezimwa.