Viberiti Vitatu Chini ya Godoro

Wiki iliyopita mama mmoja wa Mafinga aliniandikia. Shamba la miti jirani na kwao limeungua, na binti yake wa miaka sita ameanza tena kukojoa kitandani. Akisikia harufu ya moshi, hata wa mtu anayechoma takataka, anaingia uvunguni. "Dada, nimwambie nini? Nimeshamwambia moto umekwisha, haamini."

Ujumbe ule niliusoma mara tatu, maana maneno kama hayo niliyasema mimi na yalinigharimu.

Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka Mlima Kilimanjaro, eneo la Whona, pale wageni wanapopumzika wakipanda kutoka kituo cha Mandara kwenda cha Horombo. Sisi tunakaa Marangu. Giza lilipoingia tuliona mstari mwekundu ukitambaa mlimani, majirani wote wako nje, watoto migongoni. Mwanangu, miaka minane, darasa la pili, akaniuliza, "Mama, ndiyo maana mji unaitwa Moshi?" Nikamwambia aingie ndani alale, moto uko mbali.

Asubuhi mdogo wangu, mjomba wao, ambaye tunakaa naye kihamba kimoja, yaani shamba moja la ukoo, alichukua panga na chupa ya maji akapanda. Ni mpagazi. Mwaka ule korona ilikuwa imewakimbiza wageni, mfukoni hana kitu, lakini aliondoka bila kuulizia posho. Walipanda mamia: askari wa hifadhi, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, wanavijiji. Kule juu hakuna mpira wa maji. Unafyeka vichaka, unafukua mpaka udongo mtupu utokee, unapiga ndimi za moto kwa matawi mabichi. Upepo ukigeuka, unaanza upya. Nikawaambia watoto, "Mjomba amesafiri." Nilijua nawalinda.

Siku ya tatu viberiti vikaanza kupotea jikoni. Nilimgombeza binti anayetusaidia kazi, tena nilimgombeza vibaya. Siku ya tano, natandika kitanda cha mwanangu, nikavikuta chini ya godoro. Vitatu. Kimoja amekitia ndani ya soksi ya shule na kuifunga mafundo mawili. Nikamwita. Hakulia. Alisema tu, "Ili Mjomba akirudi asiwashe tena."

Kumbe shuleni walikuwa wameambiana kwamba wapagazi ndio wamechoma mlima. Ni kweli siku zile ilielezwa kwamba moto ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni, na habari ikafika kila kijiwe. Mwanangu akajumlisha mwenyewe: Mjomba ni mpagazi, mlima unaungua, Mjomba haonekani, Mama hataki kusema alipo. Siku tano alikula nami sahani moja huku amebeba mzigo huo, na mimi mama yake sikuuona.

Nilimweleza ukweli jioni ileile, lakini ulikuwa umechelewa. Mdogo wangu aliposhuka, nyusi zimeungua, viganja vimechubuka, mtoto alijifungia chumbani. Mjomba mtu akasimama mlangoni akimwita kwa jina lake la utani, na ndani kimya. Kuna mambo ya mwaka ule nimeshayasahau. Hilo bado.

Kilichotusaidia kilianzia jikoni. Nilimketisha mbele ya jiko la mkaa, nikafunika makaa kwa sufuria kuukuu, tukasubiri. Tulipofunua yalikuwa yamefifia. Nikamwambia moto unataka vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa na joto. Ukiunyima kimoja, unakufa. Mjomba alikuwa anaunyima cha kuungua. Kisha nikampeleka kihambani nikakata mgomba kwa panga, maji yakamtiririkia mkononi. "Huku chini tuna migomba na mifongo, mifereji yetu ya maji. Moto haupiti hapa kama unavyopita kwenye vichaka vikavu vya juu." Sikumwambia hauwezi kabisa. Nilimwambia pia tutafanya nini ukikaribia: tutashikana mikono, tutateremka barabarani, Bibi tutakwenda naye. Aliuliza habari ya Bibi jioni nne mfululizo. Nilijibu jioni nne, kwa maneno yaleyale.

Baadaye ilitangazwa kwamba zimeungua kilomita za mraba 95.5. Akaniuliza kama miti itarudi. Nikamjibu kwamba nyasi zitaota mvua zikinyesha, lakini msitu utahitaji miaka mingi, na msitu ule wa juu ndio unaonasa maji ya ukungu. Alihuzunika. Nikamwacha ahuzunike, nikakaa naye. Akachora mlima mweusi, akamchora Mjomba mkubwa kuliko mlima.

Wazazi wenzangu, tunawaficha watoto kwa sababu sisi wenyewe tunaogopa, halafu tunaita kuwalinda. Mtoto anasikia. Anasikia tunaponong'ona, anaona tunavyozima redio akiingia. Mwambie ukweli unaomtosha: kinachoungua kiko wapi, nani anakizima, nyumbani tutafanya nini. Lakini kwanza muulize amesikia nini, kwa sababu huenda anachokiogopa si moto. Akirudia swali, jibu tena. Usimwonyeshe video za moto ule kutwa nzima kwenye simu. Na tafadhali, asichapwe kwa kukojoa kitandani. Hofu haitoki kwa fimbo, na mzazi anayemchapa mtoto mwenye hofu anamwongezea ya pili. Ukipita mwezi na bado halali, hali chakula, au hataki kutoka nje, mpeleke kituo cha afya ukamweleze daktari. Si aibu.

Kwa hiyo dada yangu wa Mafinga, usimwambie binti yako kwamba moto umekwisha. Majivu yakishapoa kabisa, mshike mkono mwende mpaka barabarani, msimame mbali na miti iliyoungua, ajionee mwenyewe palipoishia. Kisha muulize alichosikia.

Oktoba 2022 mlima uliungua tena, upande wa Karanga. Mwanangu alikuwa na miaka kumi. Nilimkuta barazani amempakata mdogo wake, anamweleza: "Moto uko Karanga. Mjomba amekwenda kuuzima. Tutamsubiri." Hakuna aliyemfundisha kusema vile usiku ule, na nilijivuna, sifichi.

Mdogo wangu alirudi jioni amejaa masizi, akaomba maji ya kuoga. Kuni zilikuwa tayari mafigani. Mwanangu akaenda rafuni, akachukua kiberiti, akamkabidhi mjomba wake mkononi.