Taa ya ABS ikiwaka, usikimbilie duka la spea

Pita yadi za malori za Changamwe au Miritini, hapa Mombasa, uchungulie ndani ya kabini. Kwenye dashibodi nyingi utakuta kipande cha tepu nyeusi, na chini ya tepu hiyo ndipo ilipo taa ya manjano ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki. Hoja ya madereva naielewa: breki zinashika, mzigo unafika, taa ya nini? Na ni kweli kwamba taa ikiwaka, breki za kawaida hubaki zikifanya kazi. Kinachoondoka ni kinga ya gurudumu kujifunga. Barabara ikiwa kavu huenda usijue kitu. Shuka mteremko wa Mazeras na mzigo, mvua za mwezi wa tano zikinyesha, matatu ikukatie mbele, hapo utajua. Magurudumu ya mbele yakijifunga, unakata usukani na lori halisikii. Ya nyuma yakijifunga, kichwa na trela hukunjana.

Mimi lori langu ni la zamani, la breki za upepo, na kwa miaka limebeba chumvi kutoka Gongoni na Marereni. Chumvi na chuma hawajawahi kuelewana, ongeza na hewa ya bahari ya kwetu. Kwa hivyo sensa za magurudumu, vile vifaa vinavyoiambia ABS mwendo wa kila gurudumu, nimezishughulikia kiasi, na ninalosema ni hili: mara nyingi sensa yenyewe haina kosa. Imesukumwa nyuma, au waya wake umeliwa na kutu, au beringi imelegea. Na hata ikiwa imekufa kweli, kuna kilichoiua. Ukitia mpya bila kumtafuta muuaji, umempelekea mwathiriwa wa pili.

Sensa ya aina hii ya zamani, yenye nyaya mbili, ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, basi. Mbele yake, kwenye habu, kuna ringi ya chuma yenye meno, kwa malori mengi meno 100. Gurudumu likizunguka, kila jino linalopita huzua umeme kidogo, na kompyuta ya breki husoma mapigo hayo ili ijue mwendo wa gurudumu. Gari likienda polepole umeme huo ni mchache mno. Nafasi kati ya sensa na meno ikipanuka kidogo tu, habari hupotea kwanza kwenye mwendo mdogo. Basi taa ikiwaka mara tu unapoondoka, au breki zikianza kupigapiga unaposimama taratibu kwenye lami kavu, shuku nafasi hiyo kwanza.

Nafasi yenyewe haikazwi kwa nati. Sensa inabanwa ndani ya tundu lake na bushi ya chuma chembamba chenye springi. Unaisukuma mpaka iguse meno, kisha gurudumu likizunguka linairudisha lenyewe kiasi linachotaka. Ni ufundi mzuri, lakini beringi ikilegea gurudumu hutikisika, kila mtikisiko unaisukuma sensa nyuma, na hakuna cha kuirudisha mbele.

Kabla ya kufungua chochote, jua ni gurudumu gani. Malori mengi ya umri wa langu yana kitufe cha kuuliza: unawasha swichi, unabonyeza, taa inamweka na wewe unahesabu. Maana ya hesabu hiyo iko kwenye kitabu cha gari, na kila mtengenezaji ana yake, usiazime ya jirani. Halafu kushoto na kulia ni kwa dereva aliyekaa kitini, si kwa fundi aliyesimama mbele ya lori. Nimeona sensa nzima ikitolewa kwa kosa hilo.

Langu lilionyesha mbele kushoto. Kijana wa umeme alikuja, akaitazama plagi kwa macho tu, akaniambia, "Ami, hii ishakufa, nenda kalete mpya." Nikamwambia alete mita kwanza, tuzungumze baadaye.

Tuliegesha pahali tambarare, handbreki juu, kabari nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, tukainua ekseli ya mbele kwa jeki na kuitulizia juu ya stendi. Uwanja ukiwa wa mchanga, tanguliza mbao nene chini ya jeki na stendi. Usimruhusu mtu kuingia chini ya lori lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata awe ni yule mjuaji wa yadi nzima. Kwa malori mengi handbreki haishiki magurudumu ya mbele, kwa hivyo gurudumu hubaki likizunguka kwa mkono, jambo utakalolihitaji.

Kwanza nililishika gurudumu juu na chini nikalitikisa. Lilicheza. Hapo tayari nilikuwa nimejua nusu ya habari.

Kisha mita. Chomoa plagi, pima upinzani kati ya pini mbili za upande wa sensa. Kwa nyingi za aina hii hutarajiwa kati ya omu 900 na 2,000 hivi, lakini kipimo cha lori lako kitafute kwenye kitabu chake. Pima pia kila pini na mwili wa gari. Hapo mita isisome kitu, yaani pasiwe na njia ya umeme. Ikiwa vipimo hivyo ni vizuri, weka mita kwenye volti za AC na mtu azungushe gurudumu, nusu mzunguko kwa sekunde. Ukipata volti 0.2 au zaidi, sensa ni nzima na iko karibu ya kutosha. Ukipata chini ya hapo, isukume ndani kwa kidole, upime tena. Wengi kazi huishia hapo, na hawajatoa hata senti. Lakini usipeleke mita ya omu kwenye sensa za magari ya kisasa zinazohitaji umeme ili zifanye kazi. Hizo hupimwa kwa njia nyingine.

Yangu haikusoma chochote hata kati ya pini mbili. Ilipotoka, uso wake ulikuwa umesagwa na meno ya ringi. Kwa hiyo kijana alisema kweli, ila mkosa alikuwa beringi, iliyoachia gurudumu likaigonga sensa mpaka waya wa ndani ukakatika. Tulianza na beringi, tukaiosha, tukatia grisi mpya na kuikaza kwa kipimo chake. Ringi nayo tuliipitia jino kwa jino, kwa sababu jino lililovunjika huleta dalili hizo hizo na sensa mpya haitalitibu.

Kutoa sensa iliyoshikwa na kutu ndiyo kazi inayomaliza subira. Usivute waya, na nyundo iweke mbali. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, iache mpaka asubuhi, kisha izungushe taratibu huku ukiivuta. Ikitoka, toa na bushi ya zamani, usugue tundu kwa brashi ya waya na msasa laini mpaka chuma kionekane.

Duka la spea Mwembe Tayari nenda na ile ya zamani mkononi. Linganisha urefu wa waya, umbo la kichwa, kama kimenyooka au kimepinda, na plagi. Nunua bushi pamoja nayo. Wauzaji wengine hawaitaji usipouliza, na bushi iliyochoka haishiki. Sensa ya mtumba si haramu, mradi uipime hapo hapo dukani.

Kurudisha ni kwepesi. Paka grisi isiyoyeyuka kwa joto la breki, ingiza bushi mpaka mwisho, kisha sensa kwa mkono mpaka iguse ringi. Waya upitishe njia ile ile ya zamani, ufungwe palepale ulipofungwa na kiwandani, mbali na dramu. Kata usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto, uone kama waya unavutika. Usiuunge katikati ya sehemu inayojongea. Kiungo kikiingia maji ya chumvi hakimalizi msimu.

Ukiwasha swichi, usishtuke taa ikibaki imewaka. Kwa malori mengi, baada ya kosa la sensa kompyuta husubiri kwanza ione gurudumu likizunguka, kwa hivyo tembeza lori uwanjani mpaka kama kilomita 7 kwa saa au zaidi kidogo, ndipo taa izime. Trela ina ABS yake na taa yake, usizichanganye.

Na siku utakapobadilisha laini za breki au kufungua habu kwa sababu nyingine yoyote, mkumbushe fundi asukume sensa ndani mpaka iguse meno kabla hajashusha lori. Taa nyingi zinazowaka siku ya pili baada ya garaji zinatokana na hilo tu.